Mizinga ya Bronzi ya Ngome: Maboresho Manne Kwenye Mizani

Majeshi ya Ulaya yaliingia miaka ya 1850 yakiwa na mali kubwa ya bronzi juu ya kuta za ngome zao. Mtutu mmoja wa Kifaransa wa kurusha tufe la ratili 24, wa mfumo wa Gribeauval wa mwaka 1765, ulizidi kilo 2,700. Mchanganyiko rasmi ulikuwa sehemu 100 za shaba nyekundu kwa sehemu 11 za bati, kwa hiyo ndani ya mtutu huo mna karibu kilo 2,430 za shaba na kilo 270 za bati. Zidisha hesabu hiyo kwa mitutu yote ya ngome kubwa na utaona kwa nini mawaziri wa vita hawakupenda kusikia habari ya kuachana nayo na kununua feleji. Wakaamua kuiboresha. Hapa tunapima maboresho manne yaliyofanywa kati ya 1858 na 1896 kama inavyopimwa bidhaa yoyote: kiliahidiwa nini, kilipatikana nini, kiliharibikia wapi na kwa nini.

Kwa mwenye haraka: uchongaji wa mifuo (mifereji ya ndani ya mtutu inayozungusha kombora) wa Wafaransa ulikuwa biashara nzuri ya muda mfupi. Kukata mitutu ya zamani ili ipakiwe kwa nyuma kulikuwa hasara. Bronzi iliyokazwa ya Uchatius, afisa wa Austria, ndiyo kazi ya kifundi ya kweli kati ya zote. Nyongeza ya 1896 ilichelewa.

Bidhaa ya awali

Bronzi ilipendwa kwa sababu ambayo mpiga mzinga aliithamini kuliko mweka hazina: haipasuki ghafla. Chuma cha kusubu kikizidiwa nguvu hurushwa vipande vipande na kuua kikosi kizima. Bronzi huvimba kwanza, au hufanya ufa unaoonekana, na watu hupata nafasi ya kuuacha mtutu. Kwa kuwa inavutika, ukuta wake unaweza kuwa mwembamba kuliko wa chuma cha kusubu, na mtutu ukapungua uzito. Haili kutu kama chuma. Ukichakaa, unayeyushwa na kusubiwa upya, ingawa hapo pana mtego: kila kuyeyusha huunguza sehemu ya bati, na ndani ya mitutu mikuukuu mna metali ya risasi, zinki na chuma ambavyo hakuna aliyeviandika popote. Msubuji makini alipima kipande cha majaribio kabla ya kuongeza bati jipya. Mvivu alikisia, na makisio yake yalionekana miaka kumi baadaye juu ya ukuta wa ngome.

Ubaya wa bronzi ni ulaini. Katika mtutu usio na mifuo, tufe ni dogo kuliko tundu kwa milimita 3 hadi 4, la sivyo halipakiki. Baruti ikiwaka, gesi hupita juu ya tufe na kulikandamiza chini, nalo huchimba kishimo palepale lilipokaa. Likitoka humo hugonga dari ya mtutu, hurudi sakafuni, kisha hugonga tena karibu na mdomo. Vishimo hivyo vikikomaa, ndivyo vinavyoamua tufe lielekee wapi, haidhuru mlengaji awe hodari kiasi gani.

Tundu la kuwashia nalo huliwa haraka. Lina kipenyo cha milimita 5 au 6 tu, na kila shuti gesi hupenya humo kwa kasi kubwa. Bronzi yenye bati asilimia 10 huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 850 za Selsiasi, ilhali shaba tupu huvumilia hadi nyuzi 1,085. Ndiyo sababu mafundi waliweka kipande cha shaba nyekundu kilichofuliwa kikiwa baridi, wakakifunga kwa skrubu kupita unene wote wa ukuta, ndipo wakatoboa tundu ndani yake. Kikiliwa, hung'olewa kwa keekee na kuwekwa kingine kinene zaidi. Ukikuta mtutu wenye kipande kinene isivyo kawaida, jua kimebadilishwa, pengine zaidi ya mara moja.

Ugonjwa wa tatu hauonekani kwa nje. Mtutu ulisubiwa wima kwenye kalibu ya udongo, kitako chini na mdomo juu, na juu ya mdomo uliachwa mzigo wa ziada wa metali ili ushindilie iliyo chini wakati inapoganda na kubeba takataka. Udongo hupoza polepole. Shaba huganda kwanza, na umajimaji wenye bati nyingi hubaki ukitangatanga kati ya chembe, kisha huganda kama madoa meupe, magumu na yenye kuvunjika. Keekee ya kutobolea huondoa sehemu ya kati ambayo ni mbaya kuliko zote, lakini yanayosalia kwenye ukuta wa tundu huungua na kuacha vijishimo. Kijishimo kimoja kinatosha kushika kipande cha kitambaa cha baruti kinachofuka moto. Mpakiaji asiposugua sawasawa kwa brashi yenye maji, baruti ya shuti linalofuata humlipukia mikononi.

Joto la mashuti mfululizo huongeza yote hayo. Katika kuzingirwa kwa Badajoz, Hispania, mwaka 1811, jeshi la Waingereza chini ya Wellington lilitegemea mizinga ya bronzi iliyotolewa Elvas, Ureno, mingine ikiwa imesubiwa karne ya 17. Matundu ya kuwashia yalipanuka, midomo ikainama kwa joto, na mizinga ikaanza kutoka kazini mmoja baada ya mwingine. Mwaka uliofuata Waingereza walirudi na mizinga ya chuma cha kusubu. Kwa kubomoa ukuta kwa mashuti ya siku nzima, bronzi ya kawaida haifai. Kwa mlinzi wa ngome anayepiga kwa vipindi, inatosha.

1858: mifuo sita ya La Hitte

Mfumo huu hubeba jina la Jenerali La Hitte, lakini fundi aliyeufikiria zaidi ni Treuille de Beaulieu. Wazo ni rahisi. Chukua mtutu wa bronzi unaopakiwa kwa mdomo, chonga ndani yake mifuo sita inayojisokota, kisha tengeneza kombora refu lenye vifundo 12 vya zinki, safu mbili za sita. Vifundo huingia mifuoni wakati wa kupakia, na kombora likitoka huzungushwa na mifuo hiyo. Mzinga mwepesi wa uwanjani wa ratili 4 ulisubiwa upya, lakini mizinga ya ratili 12 na 24 ya ngome na ya kuzingira ilikuwapo tayari, ikahitaji kuchongwa tu. Hapo ndipo penye thamani: hakuna metali mpya iliyonunuliwa, na mzinga uliokuwa ukirusha tufe la ratili 12 sasa ulirusha kombora la kilo 11 na nusu hivi, karibu mara mbili ya uzito wa tufe lake.

Kazi yenyewe huanza kwa ukaguzi. Chombo chake ni nyota ya kupimia: fimbo ndefu yenye ncha za feleji kichwani, zinazosukumwa nje hadi ziguse ukuta wa tundu, huku kipimo kikisomwa kwenye mpini. Inaingizwa hatua kwa hatua na kila kipenyo kinaandikwa. Palipo na shaka huchukuliwa nakala ya ukuta kwa gutaperka, utomvu wa mti unaofanana na mpira, iliyolainishwa kwa maji moto. Ikiganda inatoka na sura kamili ya kishimo. Mtutu wenye kishimo kirefu pale tufe linapokaa haufai kuchongwa, kwa sababu kifundo cha zinki kikifika hapo hakina mahali pa kuegemea. Huo unarudi tanurini.

Unaofaa hufungwa kwenye mashine, na nondo yenye kisu kimoja huvutwa ndani huku ikigeuzwa kidogokidogo na reli ya mshazari. Kisu hutoa unyoya mwembamba kila mpito. Fundi anayetaka kumaliza mapema kwa kukaza kisu huacha kingo zilizopasuka, na bronzi haisamehe kingo mbaya: kifundo huzivingirisha kama vile mtu anavyofungua kopo la samaki. Mfuo wa kwanza ukikamilika, mtutu hugeuzwa sehemu moja ya sita ya duara na kazi huanza upya.

Tatizo lililofuata ni la hesabu, na wengi huliruka. Kombora limekuwa zito maradufu, lakini ukuta wa mtutu ni uleule, tena umepunguzwa kwa mifuo. Baruti haina budi kupunguzwa. Mzinga wa ratili 4 ulipewa gramu 550 tu kwa kombora la kilo 4, yaani karibu moja ya saba ya uzito wa kombora, wakati mtutu usio na mifuo ulizoea moja ya tatu. Kombora lilitoka polepole, likapanda juu na kushuka kwa mshazari mkali. Kwa kupiga nyuma ya ukuta hiyo ni faida. Kwa kuwapiga askari wanaotembea uwanjani ni hasara, maana kosa dogo la kukadiria umbali hulitupa kombora mbele au nyuma kabisa.

Vitani Italia mwaka 1859, Magenta na Solferino, mifuo hii iliwashangaza Waaustria waliokuwa bado na mitutu isiyo na mifuo. Kufikia 1870, Ufaransa ilipopigana na Prussia ya Ujerumani, mshangao ulikuwa umehamia upande wa pili. Mizinga ya feleji ya Prussia iliyopakiwa kwa nyuma ilipiga mbali zaidi na kwa usahihi zaidi. Fataki ya kulipulia kombora la Kifaransa ilikuwa na mipangilio miwili tu ya umbali, kwa hiyo adui aliyesimama katikati ya vipimo hivyo viwili alikuwa na amani ya kiasi fulani. Ngome ya Ufaransa ya Strasbourg ilishika kuanzia Agosti hadi ilipojisalimisha tarehe 28 Septemba 1870, na sehemu kubwa ya mizinga yake ilikuwa ya bronzi ya aina hii.

Kinachouharibu mtutu wa La Hitte ni mwanya. Kombora lazima liteleze kirahisi kutoka mdomoni, kwa hiyo halizibi. Gesi hupita pembeni, na ukuta wa juu, ambako mwanya ni mkubwa kwa kuwa kombora limelala chini, hulambwa zaidi. Upande wa mfuo unaosukuma kifundo hupoteza kona yake. Mzinga unaendelea kupiga, ila mashuti yanatawanyika. Kwa bei iliyolipwa tunaupa alama nzuri, mradi mnunuzi ajue ananunua miaka 10 au 12 ya utumishi.

Kupakia kwa nyuma: hesabu mbaya

Baada ya 1870 kila ngome ilitaka mzinga unaopakiwa kwa nyuma. Faida ni za kweli. Mpakiaji hasimami mbele ya tundu la ukuta akilengwa na adui. Kombora linaweza kuwa pana kuliko tundu, likajikandamiza mifuoni na kuziba mwanya. Tundu hukaguliwa kwa jicho kutoka nyuma. Prussia ilikuwa imetangulia, ikiwa na mitutu ya bronzi na ya chuma cha kusubu yenye kizibo cha Wahrendorff: pistoni inayosukumwa ndani kisha kushikwa na pini nene inayopita ubavuni. Gesi ilizibwa na kikombe cha karatasi iliyokandamizwa, kipya kwa kila shuti. Ni suluhisho lisilo na fahari lakini lilifanya kazi, na kombora lilivikwa koti la metali ya risasi ambalo bronzi hulipenda kwa kuwa ni laini kuliko yenyewe.

Shida ilianza mtu alipochukua mtutu wa zamani, akakata kitako chake na kutoboa kutoka upande wa pili. Tufikirie mizigo inavyokaa. Katika mtutu wa kupakia kwa mdomo, kitako ni donge zima la metali, nene kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukishakikata na kuchimba tundu la mraba kwa ajili ya kabari, yaani kizibo kinachoingizwa kutoka ubavuni, nguvu yote ya baruti hubebwa na mbavu mbili zilizobaki pembeni, na metali yake ni ileile laini yenye madoa ya bati. Kabari ya feleji inasukumwa nyuma kila shuti na kufua uso wa bronzi inaoegemea. Uso ukibonyea hata sehemu ndogo ya milimita, pete ya kuzibia gesi haikai tena sawa. Gesi ikipata njia, haipiti mara moja tu: huchimba mfereji, na mfereji huo shuti linalofuata huwa mkubwa zaidi. Dawa ilikuwa kuweka bamba la feleji nyuma ya kabari na kuvisha chemba (nafasi ya baruti) bomba jipya, na hapo gharama ilisogelea bei ya mtutu mpya.

Waliosubu upya walifanya vizuri zaidi. Mfumo wa Urusi wa 1867 ulikuwa na mitutu ya bronzi ya ratili 9, kipenyo milimita 107, na ya ratili 24, kipenyo milimita 152, yenye kabari ya aina ya Krupp na pete ya Broadwell ambayo gesi yenyewe huitanua ili izibe. Ufaransa ilikuwa na mzinga wa Reffye wa ratili 7, kipenyo milimita 85, uliosubiwa kwa bronzi ndani ya Paris iliyozingirwa. Kizibo chake kilikuwa skrubu yenye sehemu zilizokatwa, inayofungwa kwa kugeuzwa kidogo tu, na kitako cha metali cha ganda la baruti ndicho kilichoziba gesi. Baadhi ya mizinga iliyotengenezwa Paris kwa michango ya wananchi wakati huo ndiyo serikali ilijaribu kuichukua Montmartre tarehe 18 Machi 1871, na kilichofuata ni uasi wa Komuni ya Paris. Kama silaha ilikuwa bora kuliko La Hitte kwa mbali, lakini usahihi wake ulidumu kwa muda mfupi kwa sababu metali haikuwa imebadilika. Umbo lilikuwa jipya, bronzi ilikuwa ya zamani.

Waingereza nao walijaribu kidogo mwaka 1870 na mzinga wa bronzi wa ratili 9 wenye mifuo kwa ajili ya India, wa kupakia kwa mdomo. Ulaini uleule ukawarudisha kwenye feleji.

Uchatius na bronzi iliyokazwa

Hapa kuna bidhaa inayostahili muda. Franz von Uchatius, afisa wa mizinga wa Austria aliyeongoza usubuji kwenye Arsenal (karakana ya silaha) ya Vienna, alielewa jambo ambalo wengine walilizunguka: ikiwa metali ni laini, kubadilisha mifuo na vizibo ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Austria ilikuwa na sababu ya mfukoni pia. Viwanda vyake havikuwa tayari kutoa madonge ya feleji ya kuaminika kwa idadi iliyotakiwa, na kununua kwa Krupp huko Essen, Ujerumani, kulimaanisha kupeleka fedha nje na kumtegemea muuzaji wa jirani aliyewashinda vitani mwaka 1866.

Alibadilisha mambo matatu. La kwanza ni kipimo cha mchanganyiko: bati lilishushwa hadi asilimia 8. Bronzi yenye bati pungufu huanza kazi ikiwa laini zaidi lakini inavutika vizuri, na mvutiko ndio aliouhitaji baadaye. La pili ni kalibu. Badala ya udongo alitumia kalibu nene ya chuma, na katikati akasimamisha nguzo ya shaba. Joto hukimbilia nje na ndani kwa pamoja, metali huganda upesi, na bati halipati muda wa kujitenga. Madoa meupe hupungua sana.

La tatu ndilo lililompa jina. Mtutu wa sentimita 9, ambao kwa kweli una kipenyo cha milimita 87, ulitobolewa kwanza kwa kipenyo cha karibu milimita 80. Kisha vijiti vya feleji iliyokazwa, vyenye umbo la koni fupi, vilisukumwa ndani yake kwa shinikizo la maji, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa kinene kidogo kuliko kilichotangulia, hadi tundu likatanuka kufikia kipimo. Hakuna metali iliyotolewa. Ilisukumwa kando.

Mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja, na yafaa kuyatenganisha. Tabaka la ndani limevutwa kupita kikomo chake, likabadilika umbo moja kwa moja na kuwa gumu zaidi. Tabaka la nje limevutwa pia lakini halijapita kikomo, kwa hiyo linataka kurudi lilipokuwa na haliwezi, kwa kuwa ndani pamejaa. Matokeo yake linaubana ukuta wa ndani wakati wote, mzinga ukiwa umelala ghalani. Baruti ikilipuka, nguvu yake ya kwanza huishia katika kuondoa mbano huo kabla ya kuanza kuuvuta ukuta wa ndani. Mtutu huvumilia shinikizo ambalo bronzi ileile isiyokazwa ingevimba chini yake.

Mambo yanayoharibika kwenye hatua hii ni ya kawaida kwa kila fundi wa mashine. Kijiti kikizidi kile kilichotangulia kwa kiasi kikubwa, hakitanui, kinakwaruza, na mkwaruzo huo hauondoki hata mifuo ikichongwa. Kilainishi kikikatika katikati, metali hung'ang'ania feleji. Kusubu kukiwa na povu au doa lililojificha, kijiti hupita bila kulalamika, halafu doa hilo ndilo linalofunguka kwa shuti. Ndiyo maana ukaguzi wa kusubu ulitangulia kazi ya shinikizo.

Si Uchatius peke yake aliyefikia hapo. Mmarekani Samuel Dean wa Boston alikuwa na hataza ya njia ya aina hii tangu 1869, na Rosset huko Turin alifanya kazi inayofanana, ndiyo asili ya mizinga ya Kiitaliano ya bronzi iliyokandamizwa. Lakini Austria ndiyo iliyoifanya bidhaa ya jeshi zima. Mizinga ya M 1875 (M ni modeli, ikifuatwa na mwaka wake), ya sentimita 8 na 9, ilipita majaribio kwenye uwanja wa Steinfeld na kuingia kazini. Ule wa sentimita 9 ulirusha kombora la zaidi kidogo ya kilo 6 kwa kasi ya karibu mita 450 kwa sekunde, takwimu zisizouonea aibu mzinga wa feleji wa wakati huo. Familia ya M 1880 ya kuzingira na ya ngome ikafuata kwa metali hiyohiyo: mizinga ya sentimita 12 na 15, mmoja mfupi wa sentimita 18, na mizinga mifupi ya kurusha juu.

Kikomo chake ni unene. Ukuta mnene wa mzinga mkubwa wa pwani haupoi upesi katikati hata kwenye kalibu ya chuma, kwa hiyo bati hupata tena nafasi ya kujitenga; na kijiti hukaza matabaka ya karibu na tundu tu, yale ya mbali hayahisi kitu. Kile kilichofanya kazi kwa milimita 87 hakikuongezeka kwa uwiano hadi sentimita 28. Mwaka 1881, katikati ya matatizo ya mizinga hiyo mikubwa, Uchatius alijiua. Haikuwa haki kwa mtu aliyelipatia jeshi lake mzinga mzuri wa uwanjani na wa ngome, maana hadi sentimita 15 bidhaa yake ilitimiza ahadi.

1896: jembe na baruti isiyo na moshi

Baruti isiyo na moshi ilitokana na kazi ya mkemia Vieille nchini Ufaransa mwaka 1884; ilipoifikia mizinga ya M 1875, mizinga hiyo ilikuwa na miaka zaidi ya 20. Uboreshaji wa M 75/96 uliipa baruti hiyo mpya pamoja na jembe lenye springi la kuchimba ardhi ili kupunguza teke.

Faida ya baruti ni wazi: mlengaji anaona shabaha yake baada ya kupiga, na tundu halijai masizi. Ila moto wake ni mkali, na bronzi, hata iliyokazwa, bado huyeyuka katika joto dogo kuliko feleji. Mahali panapoungua ni pale mifuo inapoanzia, mbele ya chemba. Kwanza uso hupoteza mng'ao, kisha hutokea mistari midogo ya urefu, kisha mwanzo wa mifuo unasogea mbele na kombora huanza safari likiwa halijashikwa.

Jembe ndilo lenye maswali zaidi. Linazuia gari la mzinga lisirudi mbali, lakini gari bado huruka na kila shuti hulazimu kulenga upya. Mwaka mmoja tu baadaye Ufaransa ilikuwa na mzinga wa milimita 75 ambao mtutu wake uliteleza nyuma peke yake juu ya breki ya mafuta na hewa huku magurudumu yakitulia. Kuanzia hapo jembe la springi lilikuwa nusu ya jibu. Kwenye ngome upungufu huo hauumi sana, kwa kuwa jukwaa ni imara na miteremko ya mbao nyuma ya magurudumu humrudisha mzinga mahali pake kwa uzito wake. Ndiyo sababu mizinga hii ilionekana bado inafaa ukutani wakati uwanjani ilikuwa imekwisha. Przemyśl, ngome ya Austria iliyo leo Poland, iliyojisalimisha tarehe 22 Machi 1915, ilikuwa imejaa mizinga ya mifumo ya 1861 na 1875. Dhidi ya askari wa miguu ilisaidia. Dhidi ya mizinga ya kisasa haikufika mbali vya kutosha kujibu.

Njia nyingine, iliyotumika kwenye baadhi ya mizinga ya kuzingira na ya ngome ya Ujerumani ya miaka ya 1880, ni kuweka bomba la feleji ndani ya koti la bronzi ngumu. Kwa maoni yetu hilo ndilo lililopaswa kufanywa mapema kila mahali: feleji inabeba moto na mifuo, bronzi inabeba uzito. Austria yenyewe haikuiacha bronzi upesi. Mzinga wa uwanjani wa M 5, kipenyo milimita 76.5, na ule wa Škoda wa M 14 wa sentimita 10 bado vilipewa mitutu ya bronzi iliyofuliwa, hadi feleji ilipochukua nafasi.

Ukisimama mbele ya mtutu

Mitutu mingi ya aina hizi iko makumbusho, hasa Invalides huko Paris na Heeresgeschichtliches Museum huko Vienna, ndani ya majengo ya Arsenal ileile. Taa ya mkononi na dakika tano zatosha kujua unatazama nini. Mifuo sita mipana kwenye mtutu uliofungwa nyuma ni La Hitte. Pitisha mwanga kwenye pande za mfuo na uone kama kona ya upande mmoja imeviringika, huo ndio upande uliosukuma vifundo. Mapambo na tarehe ya zamani kwenye mgongo pamoja na mifuo ndani maana yake ni mtutu uliochongwa baadaye. Kitako chenye tundu la mraba na bamba la rangi tofauti nyuma yake kinaonyesha bronzi iliyopata shida na kabari. Mifuo mingi myembamba, mgongo usio na pambo lolote na vipenyo vya milimita 75, 87, 120 au 149 ni dalili ya Uchatius au Waitaliano. Kwa Waitaliano herufi ya jina husaidia: B ni bronzi, A ni feleji, G ni chuma cha kusubu.

Kwa wanaotunza mitutu hii, unga wa kijani mpauko unaotoka ukikwanguliwa si rangi ya uzee. Ni klorini inayokula metali, nayo yahitaji hewa kavu na mtaalamu, si asidi wala brashi ya waya. Mtutu uliokazwa kwa njia ya Uchatius usikatwe kipande cha maonyesho wala kuchomelewa bila kufikiria mbano uliomo ndani. Ukikatwa, tabaka la nje hupata nafasi ya kurudi, vipimo vya tundu hubadilika, na hakuna nyota ya kupimia itakayokuambia tena vilikuwaje.